Mantiki kwa Kiswahili: shajara ya kijitabu tunachokiandika Lindi

Januari

Kazi imeanza. Tunaandika kijitabu cha mantiki kwa Kiswahili, kwa ajili ya vijana wa kidato cha tano na cha sita, wanafunzi wa madrasa, na mtu mzima yeyote anayetaka kujua kwa nini hoja hii inashika na ile haishiki. Tutafuata uzi mmoja, yaani uhusiano wa hoja, lugha na maana, kuanzia Baghdad na Paris za zama za kati hadi wanafalsafa wa karne ya 20. Sharti nililoliweka mapema ni kwamba sentensi za mifano zitoke vinywani mwa watu wa hapa. Wanafalsafa wabaki na nadharia zao, tarehe zao na miji yao. Lakini mwanafunzi akifungua sura ya kwanza akutane na dagaa na mitumbwi, kitu anachoweza kubishana nacho.

Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, barazani kwa mwalimu mstaafu. Yupo Ustadh wa madrasa, yupo mzee mmoja aliyesoma seminari ujanani kabla hajarudi kwenye mashamba yake ya korosho, dada karani wa ghala la ufuta, fundi ujenzi, na wanafunzi kadhaa wanaokuja na kuondoka. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, basi kalamu nimeishika mimi.

Kikao cha kwanza kilinipa zaidi ya nilichotarajia. Nilimwomba kila mzee aseme alifundishwaje mantiki. Babu wa seminari akafumba macho: “Barbara, Celarent, Darii, Ferio…” Akaendelea mpaka mwisho bila kukwama. Haya ni majina yaliyotungwa na kukaririshwa na walimu wa Ulaya wa karne ya 13, akina William wa Sherwood na Petro wa Hispania, na irabu za kila jina ndizo kanuni yenyewe. A ni “kila”, E ni “hakuna”, I ni “baadhi ni”, O ni “baadhi si”. Barbara ina A tatu: kila dagaa ni samaki, kila samaki ana matamvua, basi kila dagaa ana matamvua. Celarent ni E, A, E. Ukilijua jina, umeijua hoja.

Alipomaliza, Ustadh akatabasamu, naye akaanza kusoma kwa sauti ya madrasa beti za Sullam ya al-Akhdari. Ni shairi la beti 144 kuhusu mantiki, lililotungwa Algeria katika karne ya 16, na mtunzi mwenyewe anaomba asamehewe kasoro kwa sababu ana miaka 21. Ndani ya shairi hilo hilo al-Akhdari anaeleza kwamba wanazuoni Ibn al-Salah na al-Nawawi waliiharamisha elimu hii, kwamba wengine waliona inafaa kujulikana, na kwamba yeye anaona ni halali kwa mwenye akili timamu aliyeishika Kurani na Sunna. Vijana hawakuwahi kusikia kwamba mantiki iliwahi kugombewa kiasi hicho.

Wazee hawa wawili wanasalimiana sokoni miaka yote. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake amebeba kichwani utenzi wa elimu ile ile.

Februari

Sura ya kwanza imetuchukua mwezi mzima, kwa sababu ndani yake mna swali linaloamua kama mradi huu una haki ya kuwepo. Je, mantiki ni moja kwa lugha zote, au ni sarufi ya lugha fulani iliyovishwa joho?

Swali hili liliulizwa hadharani Baghdad katika karne ya 10, mbele ya waziri Ibn al-Furat. Upande mmoja alikaa Abu Bishr Matta, Mkristo aliyefasiri vitabu vya Aristotle kwa Kiarabu kutoka Kisiria. Upande wa pili alikaa Abu Said al-Sirafi, bingwa wa nahau, yaani sarufi ya Kiarabu. Matta akasema mantiki ni mizani: kwayo hujulikana kauli sahihi na kauli mbovu. Al-Sirafi akamjibu kwamba mizani hukuambia uzito, haikuambii kilichopimwa ni dhahabu au chuma. Kisha akauliza swali ambalo mimi sijaacha kuliwaza tangu nilisome: ikiwa mantiki iliwekwa na Mgiriki kwa lugha ya Wagiriki na istilahi zao, kwa nini Mturuki, Mhindi, Mwajemi na Mwarabu walazimike kuifuata?

Matta alijibu kwamba mantiki inashughulika na maana, na maneno ni kazi ya nahau. Hapo al-Sirafi akamkamata. Akamtaka aeleze matumizi ya kiunganishi kimoja tu cha Kiarabu, Matta akashindwa. Akampa na sentensi kuhusu mtu aitwaye Zaidi, “Zaidi ni mbora wa ndugu zake”, kisha akamwonyesha kuwa ina kasoro, maana Zaidi hayumo miongoni mwa ndugu zake. Sahihi ni “Zaidi ni mbora wa ndugu hao”. Kwa habari zilizotufikia, zilizoandikwa na al-Tawhidi, al-Sirafi alishinda siku ile.

Baraza letu liligawanyika. Babu wa seminari alimtetea Matta kwa nguvu. Mwalimu mstaafu alisimama na al-Sirafi, akasema Kiswahili kimeteseka vya kutosha kwa kupimwa kwa sarufi za wengine. Mimi nimesimama karibu na al-Farabi, aliyeishi Baghdad wakati huo huo na aliyefariki mwaka 950. Yeye alisema nahau hutoa kanuni za maneno ya taifa moja, na mantiki hutoa kanuni zinazoshirikiwa na maneno ya mataifa yote. Hajaifuta lugha, ila ameipa mahali pake. Karne nne baadaye William wa Ockham, katika kitabu chake kikuu cha mantiki cha mwaka 1323 hivi, akaja na wazo la jamaa hiyo: kuna lugha ya maandishi, kuna ya mdomo, na chini yake kuna lugha ya akili ambayo si Kilatini wala Kigiriki.

Lakini al-Sirafi namkubali katika jambo moja, na jambo hilo limebadilisha ramani ya kitabu. Kanuni ni moja, ila mahali pa kuteleza panatofautiana lugha kwa lugha. Mwarabu huteleza hapa, Mlatini pale, Mswahili kwingine kabisa. Kitabu cha mantiki kilichofasiriwa tu kitamwonya msomaji wetu juu ya mashimo yasiyokuwepo njiani mwake, na kitanyamaza juu ya yale yaliyopo. Kwa hiyo kila sura sasa ina sehemu mbili: kanuni yenyewe, halafu namna inavyoponyoka katika Kiswahili.

Machi

Shimo la kwanza tumelipata, nalo ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Niliandika ubaoni: “Wageni wote hawajala.” Nikauliza maana yake. Fundi alijibu bila kusita kwamba hakuna aliyekula. Mwanafunzi mmoja akapinga: dada yake akiwa jikoni, akaulizwa kama wote wamekula, atajibu “Bado, wote hawajala”, na wakati huo nusu ya wageni wanaosha mikono baada ya kushiba. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikumbuka ameisikia kwa njia zote mbili.

Kauli hizi hazifanani hata kidogo. Ya kwanza inakanusha kwa kila mtu. Ya pili inakanusha “kila” yenyewe, na inatimia hata akibaki mgeni mmoja tu. Walimu wa Kilatini wa zama za kati walilitatua kwa mahali pa kikanushi: kikitangulia neno la “kila” ni jambo moja, kikilifuata ni jambo jingine. Kiswahili huingiza ukanushi ndani ya kitenzi, nacho kitenzi hukaa baada ya kiima, basi mpangilio wa maneno peke yake hautuokoi. Tunacho chombo kingine, “si wageni wote waliokula”, na tunacho “hakuna mgeni hata mmoja aliyekula”. Katika kitabu, sentensi za hoja zitaandikwa kwa miundo hii miwili tu. Ile ya “wote hawa-” itabaki kwenye mazoezi, mwanafunzi atakiwe kusema ina maana gani na alijuaje.

Hapa ndipo nilipomwingiza Gottlob Frege, mwalimu wa hisabati wa Jena. Mwaka 1879 alichapisha kijitabu chembamba chenye maandishi yake ya kuchora, ambamo mpaka wa “kila” na mpaka wa “si” huonekana kwa macho. Maandishi yale yenyewe hayakudumu. Alama tunazotumia leo zilikuja baadaye, E iliyogeuzwa kutoka kwa Peano na A iliyopinduliwa kutoka kwa Gentzen mwaka 1935. Lakini wazo ni la Frege, nalo linafanya kazi ambayo Barbara na ndugu zake hawakuiweza.

Mfano tulioukubali: kila mtumbwi una nahodha. Je, inafuata kwamba yupo nahodha wa mitumbwi yote? Hata mtoto wa ufukweni atakuambia hapana. Sasa mwambie aonyeshe kwa mbinu ya kiima na kiarifu kwa nini haifuati. Atahangaika, kwa sababu sentensi ina vitu viwili vya kuhesabiwa na mbinu ile inaona kimoja. Augustus De Morgan wa Uingereza alililalamikia jambo la jamaa hiyo katika karne ya 19: kutoka “farasi ni mnyama” tunajua wazi kwamba kichwa cha farasi ni kichwa cha mnyama, lakini sillojia, yaani hoja ya kauli mbili na hitimisho kama Barbara, haiwezi kukuthibitishia. Sisi tumeweka pweza badala ya farasi. Kwa haki, wanazuoni wa zama za kati waliliona tatizo la nahodha, wakalijengea nadharia nzito ya namna istilahi zinavyosimamia vitu. Sipendi vitabu vinavyomsimulia Frege kana kwamba kabla yake kulikuwa giza.

Kwa kuwa wazee wetu walifundishwa kwa ushairi, baraza lilitaka na sisi tuwe na beti zetu. Hizi mbili zimepita:

Ukisema “kila”, jua
yote umeyachukua,
moja likikupungua
kauli imeanguka.

Na “si yote” ukinena,
kwamba yapo hujakana,
moja likikosekana
kweli yako imefika.

Ustadh alihesabu mizani kwa vidole, akaridhika. Tutaongeza nyingine mbili, za “hakuna” na “baadhi”.

Aprili

Mvua. Vikao vichache, barabara ya kwa fundi haipitiki. Nimeandika sura ya tatu peke yangu, nayo imekwenda haraka.

Inahusu kile Ockham na wenzake walichokiita kusimamia. Neno moja laweza kusimama kwa ajili ya vitu tofauti kulingana na sentensi. Katika “samaki ameoza”, neno linasimama badala ya samaki wa kwenye beseni. Katika “samaki ni neno la silabi tatu”, linajisimamia lenyewe. Anayechanganya matumizi haya hutengeneza hoja za ajabu: samaki ana mapezi, samaki ni neno, basi kuna neno lenye mapezi. Kilatini hakikuwa na dalili ya wazi ya kutenga matumizi haya, ndiyo maana walihitaji nadharia. Kiswahili mara nyingi kinatoa dalili kwa upatanisho: samaki wa beseni *ana* mapezi, “samaki” la ubaoni *lina* silabi tatu. Walimu wa Kiswahili tunafanya hivyo kila siku darasani. Hapa, kwa mara moja, njia ya Mswahili ina taa na ya Mlatini haina, na nimefurahi kuliandika hilo.

Mei

Sura ya maana na majina. Hii ndiyo niliyoingoja, kwa sababu mfano wake bora duniani uko kwetu.

Mwaka 1892 Frege aliandika makala kuhusu maana na kirejelewa. Tatizo lake: nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni kitu kimoja, sayari ya Zuhura. Kusema “Zuhura ni Zuhura” hakumfundishi mtu lolote, lakini kusema nyota ya asubuhi ndiyo ya jioni ni habari iliyohitaji uchunguzi wa anga. Kwa hiyo jina lina mambo mawili: kitu linachokitaja, na njia linayokitaja kwayo. Kitu ni kimoja, njia ni mbili.

Sasa twende Tendaguru, kilima cha ndani ya mkoa wetu. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba pale mifupa ya dinosaria, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mwaka 1914 Werner Janensch alimpa jina mnyama mkubwa kuliko wote: Brachiosaurus brancai. Kiunzi chake kimesimama Berlin hadi leo. Baadaye wataalamu waliona kwamba mnyama huyu anatofautiana na Brachiosaurus wa Marekani kiasi cha kustahili jenasi yake, na tangu utafiti wa 2009 wengi wanamwita Giraffatitan brancai. Majina mawili, mnyama mmoja. Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha zamani na aliyesoma kipya wanaweza kubishana jioni nzima nani alikuwa mkubwa zaidi, na mtu wa tatu akiwaambia kwamba ni yule yule, amewapa habari ya kweli.

Kisha kuna jina la tatu, la mitaani na la bungeni: mjusi wa Tendaguru. Hapa tunaingia kwa mwanafalsafa Saul Kripke, aliyetoa mihadhara yake Princeton mwezi Januari 1970. Kabla yake wengi waliamini kwamba jina ni ufupisho wa maelezo: jina linakifikia kitu kwa sababu maelezo yake yanakifaa. Kripke alisema hapana. Jina hubandikwa kwenye kitu siku ya kukiita, halafu hupokezanwa kutoka kinywa hadi kinywa, na maelezo yanaweza kuwa ya uongo mtupu bila jina kupoteza njia. Mnyama wa Tendaguru si mjusi. Kila mtaalamu atakuambia dinosaria si mijusi. Hata hivyo Mtanzania akisema “mjusi wa Tendaguru arudishwe nyumbani” hakuna anayepotea, si sisi wala Wajerumani. Jina linafika, maelezo yaliyomo yamekosea.

Wanazoolojia wenyewe wanafanya karibu sana na anavyosema Kripke. Kwa desturi yao jina la spishi hufungwa kwenye kielelezo maalumu kinachohifadhiwa makumbusho. Maelezo ya mnyama yanaweza kusahihishwa miaka mia, mkia ukarefushwa, shingo ikainuliwa, uzito ukapunguzwa, na jina likabaki limefungwa pale pale kwenye mifupa ile.

Babu alisikiliza yote, kisha akasema: “Mwanangu, basi waliochukua mifupa walichukua na mzizi wa jina.” Sijui bado niiweke wapi sentensi hiyo kitabuni, lakini itaingia.

Juni

Msimu wa ufuta. Dada karani anakuja amechelewa, kanga imejaa vumbi la magunia, na leo alikuja na fomu. Mstari mmoja wa fomu unasema: “Magunia yote yaliyokataliwa yamerudishwa kwa wakulima.” Anatakiwa kuweka alama ya ndiyo au hapana. Wiki ile hakuna gunia lililokataliwa. Ufuta ulikuja mkavu na msafi. Aweke nini?

Tulikaa juu ya mstari huo mpaka magharibi.

Fundi akasema hapana, kwa sababu hakuna kilichorudishwa. Mwanafunzi wa hisabati akasema ndiyo: nionyeshe gunia moja lililokataliwa lisilorudishwa. Huwezi. Basi kauli haijavunjwa na chochote.

Wote wawili wana mababu wakubwa. John Buridan, aliyefundisha Paris katika karne ya 14, angekuwa upande wa fundi. Kwake, kauli yakinishi inataka kiima chake kiwe na kitu cha kusimamia. Kisipokuwepo, kauli ni ya uongo, na kinyume chake, “si magunia yote yaliyokataliwa yamerudishwa”, ni ya kweli. Faida yake ni kwamba kutoka “kila” unaweza kushuka kwa usalama hadi “baadhi”, na ule mraba wa zamani wa kauli nne, A, E, I na O, unabaki umesimama. Mantiki iliyofuata baada ya Frege iko upande wa mwanafunzi. “Kila A ni B” husomwa: chochote kile, kikiwa A, basi ni B. A isipokuwepo, kauli ni ya kweli kwa kukosa wa kuivunja. Gharama yake ni kwamba huwezi tena kushuka kutoka “kila” hadi “baadhi” bila kwanza kuthibitisha kwamba kitu kipo.

Nilimwambia karani kwamba hakuna anayeweza kumwamulia kwa mantiki peke yake. Lazima ajue fomu inataka kusomwa kwa namna ipi. Yeye alikuwa ameshaamua. Aliweka alama ya ndiyo, halafu chini akaandika kwa mkono: “Hakuna gunia lililokataliwa.” Kwa sentensi hiyo moja aliwaridhisha Buridan na Frege. Nimemwomba ruhusa niiandike kisa hiki kitabuni, amekubali.

Kutoka hapo mwanafalsafa Bertrand Russell alikuwa hatua moja mbele. Makala yake ya 1905 inauliza tufanye nini na maneno yanayoelekeza kwenye kitu kisichopo. Yeye alitumia mfalme wa sasa wa Ufaransa. Sisi tuna reli iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sentensi yetu: “Treni ya sasa ya Nachingwea ina mabehewa kumi.” Russell anaifungua mara tatu: ipo treni ya Nachingwea, ni moja tu, hiyo ina mabehewa kumi. Dai la kwanza limeanguka, basi yote ni uongo. Na ukisema “treni ya sasa ya Nachingwea haina mabehewa kumi”, umesema mojawapo ya mambo mawili: ama ipo treni na mabehewa yake si kumi, jambo la uongo, ama si kweli kwamba ipo treni yenye mabehewa kumi, jambo la kweli. Ni “wote hawajala” wa mwezi Machi aliyebadilisha nguo.

Babu, aliyeiona treni hiyo utotoni, alikataa katakata. “Si kweli wala si uongo. Treni yenyewe haipo, unaulizaje mabehewa?” Nikamwambia kwamba hilo ndilo P. F. Strawson alilomjibu Russell mwaka 1950: maneno hayasemi kweli wala uongo yenyewe, watu ndio husema kwa kuyatumia, na anayetumia maneno hayo leo hajafanikiwa kusema lolote la kuhukumiwa. Mimi binafsi namwona Strawson yuko karibu zaidi na watu wanavyosema, na Russell yuko karibu zaidi na fomu ya ghala. Kitabu kitaeleza wote wawili na kumwachia msomaji.

Julai

Kwa ufupi. Sura ya mwanafalsafa Wittgenstein imekamilika. Kitabu chake cha 1921 kinaiona sentensi kama picha ya hali ya mambo. Kile cha 1953, kilichotoka baada ya kifo chake, kinaitafuta maana katika matumizi. Mmoja wa mifano yake ya mwanzo ni wajenzi wawili, mmoja akitamka jina la jiwe na mwingine akilileta. Fundi wetu hakuona ajabu. Akiwa juu ya jukwaa anasema “Maji!” na saidia-fundi anajua kama ni ndoo ya kuchanganyia zege au chupa ya kunywa, kwa kuangalia tu mkono wake wa kulia umeshika nini. Sura nzima imejengwa juu ya mkono huo.

Kitendawili cha mwongo nimekiondoa. Anayesema “nisemalo sasa ni uongo” aliwasumbua Waarabu, Walatini na hatimaye mwanamantiki Tarski mwaka 1933, lakini kukieleza kwa haki kunadai kitabu chake peke yake. Vijana wamelalamika. Nimewaahidi kikao.

Agosti

Sura ya mwisho, maneno yanayotenda. Mwanafalsafa J. L. Austin alitoa mihadhara Harvard mwaka 1955, ikachapishwa 1962, miaka miwili baada ya kufariki kwake. Hoja yake: kuna kauli ambazo sura yake ni ya taarifa, lakini kazi yake si kutaarifu. Anayesema “naahidi” haelezi ahadi, anaitoa. Kuiuliza kama ni kweli au uongo ni kukosea swali. Tuulize kama imefaulu, imesemwa na anayestahili, mahali panapostahili, kwa utaratibu unaokubalika.

Ustadh alinyoosha mkono kabla sijamaliza. Wanazuoni wa usuli (misingi ya sheria ya Kiislamu) na balagha (ufasaha wa lugha), akasema, walitenga khabari na insha karne nyingi kabla ya huyu bwana. Khabari yaweza kuwa kweli au uongo. Insha haielezi jambo, inalileta. Na mfano wao mkuu ni biashara na ndoa: “nimekuuzia”, “nimekuoza”, “nimekubali”. Umbo la kitenzi ni la jambo lililokwisha, lakini kabla ya kutamkwa halikuwepo. Nguzo na masharti ya akdi, mkataba wa ndoa, yaani walii, mashahidi wawili, kutoa na kupokea, ndiyo yale Austin anayoyaita masharti ya kufaulu.

Nilidhani tutaishia kwenye kufanana. Ndipo Ustadh akaleta hadithi ya mambo matatu ambayo umakini wake ni umakini na mzaha wake ni umakini: nikahi, talaka na kumrejea mke. Hapa Austin na fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, wanaachana. Austin aliyaweka kando maneno ya mzaha na ya jukwaani, akiyaona yanategemea matumizi ya kawaida. Hadithi inasema katika mambo haya mzaha haukutoi. Umetamka, limekuwa.

Dada karani akauliza: “Ustadh, na mwanafunzi kwenye igizo la shule, akimwambia mwenzake ‘nimekuoza binti yangu’, na watu mia wanasikia?”

Ustadh alijibu taratibu kwamba mzaha na hikaya si kitu kimoja. Mwenye mzaha anasema maneno kuwa yake, ila moyo haupo. Mwenye hikaya anayanukuu. Mwalimu anayesomesha mlango wa talaka hutamka matamko ya talaka mbele ya darasa zima, na mkewe anabaki mkewe. Maneno yale hayakusemwa, yametajwa.

Kutumia neno na kulitaja: hilo ni “samaki” la ubaoni la mwezi Aprili, lile lenye silabi tatu lisilo na mapezi. Nilikuwa nimelichukulia kama tahadhari ndogo ya sarufi, na sasa linaamua kama watu wameoana. Sura ya tatu nimeifungua upya ili hikaya ipate nafasi yake ndani, baada ya Ockham, na sura ya mwisho itairejelea. Rasimu ya sura hizo mbili Ustadh na Babu wataipitia pamoja, kila mmoja na kalamu yake, kabla hatujapeleka chochote kwa mchapishaji.

Swali la mazoezi tulilolipanga kufunga sura: mwigizaji na mwenye mzaha wametamka maneno yale yale, mbele ya mashahidi wale wale. Onyesha tofauti yao iko kwenye nia, kwenye mazingira, au kwenye sentensi yenyewe. Baraza halijakubaliana, na jibu la mwongozo sitaliandika mpaka likubaliane.